Gurudumu Chini ya Turubai

Chuma kilichoshikilia gurudumu la akiba kwenye mlango wa nyuma wa jeep kilikatika kwa mashimo ya barabara ya Mambasa, na tangu siku hiyo gurudumu likahamia ndani. Alphonse, dereva, hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Alikuwa mtu wa kupanga vitu vyake kwa namna moja tu: kriki na funguo chini ya kiti, beleshi na kamba pembeni, bidoni ya mazutu, ile dizeli ya akiba, karibu na mlango, na gurudumu nje, mahali ambapo mkono unalifikia haraka.

"Pine ya sekur haifichwake," alikuwa akisema juu ya gurudumu hilo la akiba. "Siku ile utaitafuta, hautakuwa na wakati ya kuchimbua."

Lakini asubuhi hiyo hapakuwa na njia nyingine. Débora, daktari wa mifugo, alikuwa na masanduku ya baridi yaliyojaa chanjo za ng'ombe, na barafu haimsubiri fundi wa kuchomelea. Huko juu, upande wa Djugu, wafugaji walikuwa wamekwisha kukusanya ng'ombe zao. Basi wakalilaza gurudumu sakafuni nyuma ya viti, wakapanga masanduku juu yake, wakaongeza sindano na kamba za kufungia ndama, kisha wakafunika vyote kwa turubai la kijani kwa ajili ya vumbi.

Walipolinyanyua gurudumu pamoja, Alphonse aliguna.

"Imekuwa nzito, hii."

"Ni weye unazeeka, Papa Alphonse," Débora alimwambia.

Alphonse akacheka. Gurudumu lilikuwa limetoka kwa Chance, yule kwado anayeziba mapine karibu na soko. Lilikaa kwake muda mrefu kuliko ilivyohitajika, likarudi jioni ya mvua likiwa limepakaa matope. Hakuna aliyelitazama sana.

Ilikuwa miaka ile ambayo watu wa Bunia walisema vita vimekwisha, na walisema hivyo kwa sauti ya chini. Bunduki nyingi zilikuwa zimerudishwa. Nyingine zilikuwa zimezikwa mashambani pamoja na mihogo. Débora alitoka katika ukoo wa wafugaji; Alphonse alitoka katika ukoo wa wakulima wa vilima vya ng'ambo. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu mradi ule wa mifugo ulipofunguliwa, wamelala katika misheni zilezile, wamekula sombe ya majani ya mihogo katika sahani moja. Lakini hawakuwahi kuulizana ni nani alimpoteza nani. Lilikuwa jambo la heshima. Au labda lilikuwa jambo la woga, na woga ukivaa vizuri hufanana na heshima.

Walipita Iga Barrière mapema. Soko lilikuwa limeanza, lakini Débora aliona wanawake wengine wakifunga mizigo badala ya kuifungua. Alphonse alipunguza mwendo, akateremsha kioo.

"Mama, kuko nini kule mbele?"

Mwanamke mwenye kikapu cha maharage aliitazama jeep, nyeupe, yenye turubai nyuma. Alichukua kikapu chake akaondoka, bila hata kusema siku njema.

"Turudi?" Débora aliuliza.

Alphonse alifikiri. "Barafu itayeyuka. Na kama tunarudi kila siku mutu anakataa kutusalimia, hatutafika hata siku moja."

Wakaendelea. Barabara ilipanda kati ya mikalitusi, udongo mwekundu, upepo wa baridi ukiingia kwenye madirisha. Hawakukutana na pikipiki hata moja. Hilo ndilo lililomfanya Débora ashike kiti. Katika barabara ile, pikipiki zisipopita, ni kwamba zimejua jambo.

Kwenye kona, gogo lilikuwa limelazwa barabarani.

Walitoka kwenye miti pande zote mbili, vijana wengi wao, wengine na mapanga, wengine na bunduki zilizofungwa mpira wa baiskeli mahali ambapo kitako kilikuwa kimepasuka. Aliyekuwa mkubwa wao alivaa koti la mvua la njano, ingawa mvua haikunyesha. Alikuja polepole upande wa dereva, akaweka mkono juu ya kioo kama jirani anayekuja kuomba chumvi.

"Zima moteri. Mutelemuke."

Walitelemka. Débora alisikiliza namna watu hao walivyosema. Alitaka kusikia neno moja tu la lugha ya kilimani, la upande wake au la upande wa Alphonse, ili ajue ni nani kati yao wawili aliyekuwa hatarini zaidi. Lakini wote walisema Kiswahili tupu. Walikuwa wamekatazana lugha za kwao.

"Munapeleka nini?" mwenye koti la njano aliuliza.

"Dawa, shefu," Débora alijibu. "Dawa ya ng'ombe."

"Ng'ombe ya nani?"

"Ya kila mutu mwenye kuleta ng'ombe yake."

"Kila mutu." Alilirudia neno hilo kwa mashaka, kama mtu anayeonja maziwa asiyojua yamekamuliwa lini. Kisha akamgeukia Alphonse. "Na weye, shofere, uko mutu ya wapi?"

"Ya Bunia."

"Bunia haiko kabila."

"Nilizaliwa Bunia, shefu. Baba yangu alijenga Bunia."

"Nilikuuliza kabila?"

"Hapana, shefu."

"Basi juu ya nini unatetemeka?"

Kijana mmoja alikuwa amekwisha fungua mlango wa nyuma. Alinyanyua turubai kwa ncha ya panga, akatoa sanduku la kwanza, akalifungua. Moshi wa baridi ukatoka, akaruka nyuma, na wenzake wakamcheka. Wakatoa masanduku yote wakayapanga barabarani juani. Débora alitazama barafu yake ikianza kutoa jasho. Kisha yule kijana akainama ndani ya jeep na sauti yake ikabadilika.

"Shefu! Iko! Pine iko chini, wameifunika!"

Vicheko viliisha. Bunduki zilizokuwa zikining'inia begani zikashikwa kwa mikono miwili.

Mwenye koti la njano alimsogelea. "Mama, banatuambia kuko jeep nyeupe. Inapandisha risasi kwa batu ya ile kilima, ndani ya pine. Siye tunaingoja tangu jana." Alielekeza kidole kwenye gurudumu, kisha kwenye turubai. "Jeep zote zinabeba pine yao inje. Ya kwenu iko chini ya dawa, chini ya bashi. Juu ya nini?"

"Chuma ya mulango ilivunjika," Alphonse alisema. "Angalia, shefu, ilivunjika. Bado alama."

"Sikuuliza weye. Mama, hii pine ni ya nani?"

Débora alikumbuka asubuhi. Alikumbuka uzito ule, mguno wa Alphonse, siku zile lilizokaa gurudumu kwa Chance. Alimtazama Alphonse na kwa mara ya kwanza aliona uso asioujua: mtu wa vilima vya ng'ambo, mwenye kaka ambao hakuwahi kuwataja, anayejua barabara zote. Nani alisema twende mbele pale Iga Barrière? Ni yeye. Nani alilala na funguo za jeep? Ni yeye. Mawazo hayo yalimjia yote kwa pamoja, na mdomo wake ukatangulia mbele ya moyo wake.

"Ni ya shofere," alisema. "Miye niko na dawa tu. Ile ya chini, miye sijue."

Alphonse aligeuza kichwa akamtazama. Hakukasirika. Alimtazama kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake, kisha akatazama chini.

Walilitoa gurudumu wakalitupa barabarani. Kijana mmoja alilinyanyua upande, akaliachia. "Iko nzito, shefu."

"Fungua," mwenye koti la njano alimwambia Alphonse.

Alphonse alipiga magoti. Alitoa kifuniko cha vali, akafungua sindano yake, na upepo ukatoka kwa mluzi mrefu hadi pine ikalegea. Akachukua vyuma vyake viwili vya kubandulia, akajaribu kuvisukuma kati ya mpira na ringi. Havikuingia. Mpira ulikuwa umeshikana na chuma kwa kutu. Alijaribu tena, jasho likimdondoka puani. Kijana mwenye panga alianza kupiga kisigino chake chini kwa haraka haraka.

"Haitatoka hivi," Alphonse alisema. "Shefu, kwa kuifungua lazima jeep ipande juu yake. Nikanyage mupira na gurudumu ya mbele, ndiyo itaachana na chuma."

Vijana wakatazamana.

"Anataka kukimbia," mmoja alisema.

Mwenye koti la njano alikuna kidevu. Gogo lilikuwa limeziba mbele, lakini nyuma barabara ilikuwa wazi, ikishuka yote hadi Iga. Alimshika Débora mkono wa juu, karibu na bega, akamvuta hadi kando ya mtaro.

"Panda. Mama atabakia na miye. Ukikimbia, unamuacha."

Débora alimwona Alphonse akipanda, akafunga mlango. Moteri ikawaka. Vidole vilivyomshika bega vilikaza. Alijua sasa alichokifanya. Alikuwa amesema maneno machache, na kwa maneno hayo alikuwa amekata kamba yote iliyokuwa kati yao. Na sasa mtu yule alikuwa ndani ya gari linalonguruma, mlango umefungwa, barabara iko wazi nyuma yake. Alikuwa na watoto nyumbani. Kwa nini asiende? Débora, kama angekuwa kwenye usukani ule, angefanya nini? Alijiuliza na hakutaka kusikia jibu.

Jeep ilirudi nyuma kidogo. Ilirudi tena. Ikaendelea kurudi.

"Shefu..." kijana mmoja alianza, akiinua bunduki.

Débora alifumba macho. Alianza kusali, lakini sala haikuwa na maneno, ilikuwa tu jina la mama yake.

Kisha moteri ikabadilisha sauti. Alipofumbua macho jeep ilikuwa ikija mbele, polepole sana, Alphonse ametoa kichwa dirishani akilenga. Gurudumu la mbele likapanda juu ya ukingo wa pine, jeep ikainama, na mpira ukaachana na chuma kwa mlio mzito. Alirudi nyuma, akatelemka, akageuza pine, akapanda tena, akakanyaga upande wa pili. Halafu akazima moteri. Akatoa ufunguo. Akaja nao mkononi akampa mwenye koti la njano bila kuombwa.

Sasa vyuma viliingia. Alizungusha mpira hadi mdomo wake ukatoka nje ya ringi upande mmoja, akachomoa tyubu ya ndani. Watu wote walisogea. Débora alisukumwa mbele pamoja nao.

"Ingiza mukono," mwenye koti la njano alisema. "Polepole."

Alphonse aliingiza mkono hadi kiwiko, akaanza kupapasa ndani, akiuzungusha kama mkunga. Alifika upande wa mbali. Mkono ukasimama.

Débora aliuona ukisimama. Kila mtu aliuona. Rangi ya uso wa Alphonse ilibadilika kuwa ya majivu, na macho yake yakainuka, moja kwa moja, kwa Débora. Hakumtazama mkubwa, hakutazama bunduki. Alimtazama yeye, na katika macho yale kulikuwa na swali.

"Toa," sauti ilisema.

Hakutoa.

"Toa!"

Alphonse alivuta. Kitu kilikuwa kimeshikamana ndani, akavuta kwa nguvu, kikatoka kwa kupasuka: kipande kinene cha pine ya zamani, kilichokatwa kwa kisu na kubandikwa na gundi. Akaingiza mkono tena akatoa cha pili. Nyuma ya vipande hivyo, mwanga ulipita: mpasuko mrefu kwenye ubavu wa mpira, unaotosha kupitisha vidole.

Alphonse alilaza mpira chini, akaufuta matope kwa mkono wa shati, akatazama meno yake, akatazama maandishi ya pembeni.

"Hii haiko pine yangu," alisema polepole. "Yangu ilikuwa mupya. Kwado alibadilisha. Aliniwekea hii, akafunga tundu na mipira ya taka."

Kisha yule kijana mwenye panga akaanza kucheka, na wengine wakamfuata, wakashikana mabega. "Amekuibia, papa! Umebeba taka mupaka huku!" Walicheka kama watoto, na ndipo Débora alipoona kwamba wengi wao walikuwa karibu watoto kweli. Kicheko hicho kilimtisha kuliko bunduki. Kilikuwa kicheko cha watu ambao dakika chache kabla wangeua, na ambao hawakuwa wamebadilika tangu hapo.

Mwenye koti la njano hakucheka. Aliinama, akapitisha kidole chake mwenyewe kwenye mpasuko, akahakikisha. Akamrudishia Alphonse ufunguo.

"Mugeuke. Musiende mbele. Ile jeep ingine inaweza kufika, na pale ikifika, kila kitu nyeupe itapigwa." Akaonyesha bidoni ya mazutu. "Ile itabakia. Na Bunia hamukutuona."

"Hatukuona mutu," Alphonse alisema.

Walipakia bila mpango wowote. Alphonse, mtu wa kila kitu mahali pake, alitupa ringi huku, mpira kule, masanduku juu ya kamba, beleshi juu ya sindano. Turubai hawakulikunja, lilibaki mlangoni, nusu nje. Débora aliingia na mpira uliopasuka ukiwa umemwegemea mgongoni, ukinuka gundi.

Waliposhuka kilima Alphonse aliendesha taratibu, akikwepa kila jiwe. Hawakuwa na akiba sasa. Tundu moja tu, msumari mmoja, nao wangesimama katikati ya vilima vile wakisubiri yeyote atakayekuja kwanza. Débora alisikiliza magurudumu manne kama mama anavyosikiliza pumzi ya mtoto mwenye homa. Nyuma yao, mbali, milio miwili ilisikika. Labda mti uliokatika. Alphonse alikaza mikono kwenye usukani, lakini hakuongeza mwendo. Hakuweza.

Baada ya Iga alisema, bila kugeuka:

"Pale mukono yangu iliguza ile kitu, niliwaza ni weye."

"Miye?"

"Niliwaza ni weye uliiweka. Ng'ombe ya ndugu zako, dawa yako, bashi yako. Niliwaza, Dokta ameniuza." Alikwepa jiwe. "Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kuwaambia."

Débora alitaka kusema mengi. "Papa Alphonse," alisema, "miye sikutafuta. Ya kwangu yalitoka yenyewe."

"Nilisikia."

"Na pale ulirudisha jeep nyuma..."

"Nilirudisha kwa kulenga," alisema. Kisha akaongeza, "Kwanza kwa kulenga. Nyuma ya ile, sijue. Miguu yangu ilikuwa haijaamua."

Wakavuka daraja la Shari, wakarudi Bunia.

Kesho yake Alphonse hakufika kazini. Chanjo zilikuwa zimeharibika zote. Débora alikaa ofisini akitazama mlango. Saa za mchana alichukua pikipiki hadi nyumbani kwa Alphonse, mtaa ambao alikuwa hajaingia tangu vita, ingawa haukuwa mbali na kwao. Alijifunika kitenge kichwani. Mwenye pikipiki alimuuliza mara mbili kama kweli ni huko.

Denise, mke wa Alphonse, alikuwa akitwanga sombe uani. Alimkaribisha kwa kelele na furaha.

"Dokta! Weye mwenyewe! Papa iko ndani, iko na mafua. Ananiambia pine ilipasuka njiani, mukashinda juani siku muzima. Pole sana!"

Débora alitazama mlangoni. Alphonse alisimama pale na fulana, macho mekundu kama ya mtu ambaye hakulala. Walitazamana. Hakuwa amemwambia mkewe kitu. Hakusema juu ya watu, wala juu ya maneno yale ya kando ya barabara, ambayo yangetosha kumfungia Débora nyumba ile milele.

"Ndiyo," Débora alisema. "Ilipasuka. Tulichoka sana."

Denise alileta kiti, akaleta chai ya maziwa na viazi vitamu. Wakakaa watatu. Denise alisimulia habari za kanisa, za bei ya mafuta ya mawese, za binti ya jirani anayeolewa Komanda. Débora alishika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa amekuja na maneno ya kuomba msamaha, ameyapanga njiani, lakini mbele ya mwanamke yule hayakuwa na mahali pa kutokea. Alphonse alimmenyea kiazi, akamwekea sahanini.

"Kula, Dokta," alisema.

Mara nyuma ya ua kitu kililia kwa nguvu, kama bati lililopigwa. Débora alikuwa amesimama kabla ya kujua, chai imemwagika kwenye kitenge chake. Na Alphonse alikuwa amesimama pia, mkono wake umemshika kiwiko, anamvuta kuelekea ukutani, mbali na mlango.

Alikuwa mbuzi wa jirani, ameruka juu ya paa la choo.

Denise aliwatazama wote wawili, akaangua kicheko hadi akafuta machozi. "Mungu wangu! Batu wakubwa! Munaogopa mbuzi?"

Hawakucheka. Walibaki wamesimama ukutani, Alphonse bado amemshika kiwiko, wakisubiri kusikia kama kuna mlio mwingine utakaofuata.